Moshi Unaoshwa, Lakini Maji Yake Huenda Wapi?



Tulikuwa na mkutano Bwera, ukumbi umejaa, wengi wao vijana wanaotafuta kazi. Habari ilikuwa ile ile ya siku zote: mgodi wa Kilembe. Kila mmoja alitaka kujua utafunguliwa lini na nani wataandikwa kwanza. Ndipo mzee mmoja aliyepata kufanya kazi mgodini zamani akasimama na kuuliza jambo ambalo halikuwamo katika ajenda. Akasema, "Wakija kujenga tanuru ya kuyeyushia shaba hapa hapa kwetu, moshi wake utakwenda wapi?"

Kijana mmoja akamjibu upesi kwamba siku hizi moshi wa kiwanda unaoshwa kwa maji. Watu wakaangua kicheko. Moshi unaoshwaje? Kwani ni shati?

Kijana yule alikuwa amesema kweli. Lakini mzee hakuketi. Alingoja kicheko kikaisha, kisha akauliza mara ya pili, "Haya, na hayo maji yakishauosha huo moshi, nayo yatakwenda wapi?" Hapo ukumbi ukanyamaza. Hakuna aliyekuwa na jibu, wala mimi niliyekuwa mbele sikuwa nalo kamili. Niliahidi kulitafuta. Nimeuliza mafundi, nimesoma, na ukurasa huu ndio jibu langu kwa mzee yule na kwa nyote mliokuwapo.

SALFA YA KILEMBE

Shaba ya Kilembe haikai peke yake ndani ya jiwe. Imeshikana na chuma na salfa, ambayo wengine huiita kibiriti. Mgodi ulianza kutoa shaba mwaka 1956, mwaka ule ule reli ilipofika Kasese. Mawe yalisagwa Kilembe, unga wa shaba ukatengwa kwa njia ya povu ndani ya maji, kisha ukapakiwa kwenye mabehewa na kupelekwa Jinja. Huko ndiko ilikokuwa tanuru, kwa sababu huko ndiko ulikokuwa umeme wa bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954.

Unga wa namna hiyo ukiingia katika moto, salfa iliyomo huungana na oksijeni ya hewa na kuwa gesi iitwayo dioksidi ya salfa. Hesabu yake ni nyepesi: kilo moja ya salfa ikiungua hutoa kilo mbili za gesi, kwa sababu hujitwalia oksijeni yenye uzito sawa na wake. Gesi hiyo haina rangi. Unaijua kwa macho kuwasha, koo kukereketa na kifua kubana. Mwenye ugonjwa wa pumu huzidiwa hata na kiasi kidogo ambacho mwenzake hakijali. Ikikutana na mvua hugeuka kuwa tindikali, ikaunguza majani na kula mabati.

Katika nchi nyingi duniani, dawa ya moshi huo ilikuwa kujenga bomba refu. Lakini bomba refu halipunguzi gesi hata kilo moja. Kazi yake ni kuiondoa kwa jirani wa karibu na kuipeleka kwa jirani wa mbali. Katika mji wa Mufulira, kule Zambia, tanuru ya shaba ilikuwapo tangu miaka ya 1930, na watu wanaokaa chini ya upepo wake walilalamika miaka na miaka juu ya gesi inayowachoma vifua na kuua mboga zao. Kazi ya kujenga mitambo ya kukamata sehemu kubwa ya gesi hiyo ilikamilika mwaka 2014. Hesabuni wenyewe ni vizazi vingapi vilivuta gesi ile kabla ya hapo.

Kwa nini nayasema haya leo? Mgodi wa Kilembe ulisimama mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 2013 ulikodishwa kwa kampuni ya Tibet Hima, na mwaka 2017 serikali ikauvunja mkataba huo. Habari za kuufufua hazijakoma. Tena serikali yetu imesema mara nyingi kwamba haitaki madini yatoke nchini yakiwa ghafi. Yasafishwe hapa hapa ili vijana wapate kazi. Chama chetu kinaliunga mkono jambo hilo. Lakini anayesafisha shaba nyumbani hana budi kujua kwamba na salfa yake inabaki nyumbani. Haitapanda gari moshi kwenda Jinja.

NAMNA GESI INAVYOOSHWA

Chukua chupa ya soda. Kabla hujaifungua huoni kitu ila maji yenye rangi. Ukiifungua, mapovu yanapanda. Ile ni gesi iliyokuwa imejificha ndani ya maji. Kumbe maji yanaweza kuishika gesi kama yanavyoishika sukari. Ukilielewa hilo, umeielewa nusu ya kazi nzima.

Kiwandani hujengwa mnara. Ndani yake hujazwa vipande vya mviringo vya udongo wa kuchoma au vya plastiki, chungu nzima, ili maji yapate pa kutambaa. Gesi chafu huingizwa chini ikapanda. Maji hunyunyizwa kutoka juu yakashuka. Vikutane njiani, vigusane kila pembe. Gesi mbaya huingia majini, na hewa iliyobaki hutokea juu ikiwa safi zaidi. Ni kama mvua ya kwanza ya masika inavyoshusha vumbi la barabara ya kwenda Mpondwe. Tofauti ni kwamba mvua hii inafanyika ndani ya mnara, usiku na mchana, kwa nguvu ya pampu.

Maji yenyewe ni ya namna tatu.

Namna ya kwanza ni maji matupu. Hayo yanatosha kwa gesi zinazoyeyuka upesi, kama ile ya asidi ya chumvi au amonia.

Namna ya pili ni maji yaliyotiwa dawa ya kuishika gesi isitoke tena. Kwa gesi ya salfa, dawa inayotumika sana ni chokaa au unga wa mawe ya chokaa. Tani moja ya dioksidi ya salfa inahitaji kiasi cha tani moja na nusu ya mawe ya chokaa. Hewa ikipulizwa ndani ya uji ule, matokeo yake ni jasi, kiasi cha tani mbili na robo tatu hivi. Jasi safi ni mali: viwanda vya saruji huitia kidogo katika saruji ili isigande upesi mno mikononi mwa mwashi. Wenzetu wa Hima wanalijua jambo hilo. Wanajua pia kwamba chokaa iliyomo ndani ya tanuru yao hushika sehemu kubwa ya salfa ya makaa kabla haijafika kwenye bomba.

Namna ya tatu ni dawa inayoishika gesi ikiwa baridi na kuiachia ikipashwa moto. Dawa hizo huitwa etanolamini. Njia hiyo iliandikishwa Marekani mwaka 1930 na mtu aliyeitwa Bottoms, na mpaka leo ndiyo inayotumika sana katika viwanda vya mafuta na gesi ya ardhini. Dawa hupita mnara wa kwanza ikabeba gesi mbaya, ikaenda mnara wa pili ikapashwa moto na kuitua, kisha ikarudi kubeba tena, kama mpagazi asiyepumzika. Vijana wetu wanaokwenda kutafuta kazi kwenye mafuta ya Ziwa Albert wanaweza kukutana na minara ya aina hii, na heri waijue kabla.

Iko na njia nyingine ambayo tanuru kubwa za shaba za siku hizi huitumia: kuigeuza gesi ya salfa kuwa asidi ya salfa, ile inayotiwa katika betri za magari. Gesi huongezewa oksijeni, kisha hunyweshwa asidi kali yenyewe badala ya maji matupu. Ikiletwa kwenye maji matupu hufanya ukungu wa asidi ambao ni mgumu kuukamata. Tani moja ya salfa huzaa tani tatu hivi za asidi. Ni biashara nzuri kama yupo mnunuzi. Kama hayupo, una bahari ya asidi katika matangi, na swali la mzee wa Bwera linarudi pale pale.

WAINGEREZA WALIVYOJIFUNZA

Jambo hili si geni, wala si sisi wa kwanza kuulizana. Mwaka 1836 huko Uingereza, mwenye kiwanda mmoja, William Gossage, alijenga mnara wa kuosha gesi ya asidi ya chumvi iliyokuwa ikitoka katika viwanda vya magadi. Gesi ile ilikuwa ikiunguza mashamba ya watu. Mwaka 1863 bunge lao likapitisha sheria kwamba kila kiwanda cha aina ile kikamate si chini ya sehemu 95 katika kila 100 za gesi hiyo.

Sheria ilikuwa nzuri, na minara ikajengwa. Hewa ikapata nafuu. Lakini maji ya asidi yaliyotoka chini ya minara mengi yalimwagwa katika vijito na mito, na samaki wakafa. Baadaye sana, miaka ya 1930, kituo cha umeme cha Battersea pale London kiliosha moshi wake kwa maji ya mto Thames yaliyoongezewa chokaa. Hewa ya mji ikaponywa kiasi, na maji yaliyokwisha kutumika yakarudi mto ule ule.

Hilo ndilo jambo ninalotaka kila mwanachama alishike. Mnara haumalizi gesi. Unaitoa hewani na kuitia majini. Uchafu ni ule ule, uzito wake ni ule ule pamoja na wa chokaa, ila umebadilisha njia. Kwa hiyo mtu akikuonyesha mnara mpya unaong'aa na kukuambia kwamba tatizo limekwisha, mpe mkono wa pongezi, kisha mzunguke naye nyuma mkaone bomba la kutolea maji.

HAPA KASESE TUMEKWISHA KUONJA

Sisi watu wa Kasese hatuna haja ya kwenda London kutafuta mfano. Wakati mgodi ulipokuwa ukifanya kazi, mbali na shaba ilibaki takataka yenye chuma, salfa na kobalti kidogo. Ilirundikwa hapa Kasese, chini, ikafika kiasi cha tani milioni moja. Hapakuwa na moto wala bomba la moshi. Lakini mvua ilinyesha, hewa ikapenya, na salfa ile ikaungana na oksijeni polepole bila kuwaka. Yakatiririka maji yenye asidi na madini kuelekea mbuga ya Queen Elizabeth na upande wa Ziwa George. Yalikopita, majani yalikufa, ukabaki mkanda wa ardhi tupu. Kazi inayofanywa na tanuru kwa saa moja, rundo lile liliifanya kwa miaka, na salfa ikapita njia ya maji moja kwa moja.

Kisha mwaka 1999 kampuni ya Kasese Cobalt ikaanza kulitumia rundo hilo. Njia ya zamani ya kutoa kobalti katika mawe kama yale ni kuyachoma, na ungechoma rundo lile ungehitaji minara mikubwa ya kuosha gesi. Wao walitumia vijidudu. Katika matangi makubwa ya maji yenye joto la zaidi kidogo ya digrii 40, huku hewa ikipulizwa toka chini, vijidudu vilikula chuma na salfa. Salfa haikupata nafasi ya kuwa gesi. Iligeuka asidi mle mle majini, na asidi ikatulizwa kwa mawe ya chokaa, ambayo wilaya yetu imejaliwa nayo. Kobalti ikatolewa, na jasi na matope ya chuma yakapelekwa kwenye bwawa la takataka. Kazi hiyo iliendelea mpaka rundo lilipokwisha, na uzalishaji ukasimama mwaka 2013.

Naona mafunzo mawili hapo. La kwanza, salfa ya Kilembe inaweza kushughulikiwa bila kuichoma, na si lazima kila mradi uanze na tanuru. La pili, hata njia hiyo inategemea bwawa. Na mabwawa katika wilaya hii yana jambo lake, nalo ni mto Nyamwamba.

Hakuna mtu wa Kilembe anayehitaji kuelezwa Nyamwamba. Mwezi wa Mei 2013 ulishuka na mawe ya mlimani ukachukua nyumba, madaraja na sehemu ya hospitali. Mwezi wa Mei 2020 ukarudi tena. Kandokando ya mto huo ndiko yaliko marundo ya takataka za mgodi wa zamani, na kila mafuriko hula kipande. Kwa hiyo mtu akija na ramani ya bwawa la maji yaliyoosha moshi, swali la kwanza si ukubwa wake. Swali ni kwamba liko umbali gani na Nyamwamba, na limejengwa kuhimili mafuriko gani: ya mwaka wa kawaida, au ya mwaka kama 2013?

Na ndugu zangu wa Bwera msiseme, "Hayo ni ya watu wa Kilembe." Nyamwamba unaingia Ziwa George. Ziwa George limeunganishwa na Ziwa Edward kwa mfereji wa Kazinga. Samaki wa Ziwa Edward ndio mnaowanunua sokoni Mpondwe, na wenzetu wa Kasindi ng'ambo ya mpaka wanawala hao hao. Maji hayaombi pasipoti.

WALIOPANGA MAPEMA

Sikutaka kuleta mabaya matupu. Kusini yetu, ukipita Congo mpaka Goma, kuna Ziwa Kivu. Chini kabisa ya ziwa hilo imelala gesi ya methani inayoweza kutoa umeme, lakini imechanganyika na hewa ya ukaa kwa wingi sana, pamoja na gesi kidogo ya salfa yenye harufu ya yai bovu. Tangu mwaka 1963 upande wa Rwanda walitoa gesi hiyo kwa kadiri ndogo, ikatumika katika kiwanda cha pombe cha Gisenyi. Mwaka 2016 ulizinduliwa mtambo mkubwa zaidi, KivuWatt, wenye nguvu ya megawati 26 hivi. Maji ya kilindini, kiasi cha mita 350, hupandishwa; gesi hutoka kama soda iliyofunguliwa; kisha gesi yenyewe huoshwa kwa maji ya ziwa. Hewa ya ukaa na ile gesi ya yai bovu huyeyuka majini upesi kuliko methani, basi maji huyabeba hayo mabaya na methani hupita.

Sasa sikilizeni. Kabla mitambo mikubwa haijaanza, wataalamu walikaa wakaandika masharti juu ya maji: yanayotumika yarudishwe wapi na kwa kimo gani, ili yasiharibu tabaka la juu wanamoishi samaki wala yasivuruge gesi iliyolala chini. Maana ziwa lile likivurugwa, watu wanaokaa kando yake ni mamilioni. Swali la mzee wa Bwera liliulizwa kabla ya pampu kuwashwa. Hivyo ndivyo inavyofaa.

HATARI YA ANAYEUTUNZA MNARA

Nimesema juu ya majirani na samaki. Sasa niseme juu yetu sisi tunaoingia humo ndani na ufagio.

Yeyote aliyepita ziwa la chumvi la Katwe anaijua ile harufu ya yai bovu inayotoka katika matope. Ni gesi ya haidrojeni na salfa. Ikiwa kidogo na mahali pa wazi, inakera tu. Ikijaa ndani ya shimo au tangi, inaua. Na ina hila moja ambayo kila mfanyakazi lazima aijue: ikizidi kiasi, inaua pua kwanza. Kwenye sehemu 100 katika hewa sehemu milioni moja, baada ya dakika chache husikii harufu tena. Unadhani gesi imeondoka, kumbe imeongezeka. Ikifika sehemu 500 na zaidi, mtu huanguka. Nzito kuliko hewa, hulala chini ya shimo ikimngoja anayekuja kumwokoa mwenzake.

Nitawasimulia niliyoyaona. Miaka mingi iliyopita nilitumwa kwenye kiwanda kimoja cha ngozi. Sitakitaja wala mji wake. Mfereji mmoja ulibeba maji yenye dawa ya salfaidi ya kunyonyolea manyoya. Mfereji mwingine ulibeba maji yenye asidi. Mnara wa kuoshea gesi ulikuwapo, umepakwa rangi vizuri. Siku hiyo mfereji wa asidi ulikuwa umeziba, na msimamizi akaamuru maji yaelekezwe katika ule wa pili. Salfaidi ikikutana na asidi hutoa gesi ile papo hapo. Mfanyakazi wa kwanza alianguka kando ya shimo. Wa pili akaruka kumshika, naye akaanguka. Wa tatu alitaka kushuka, nikamsikia mama mmoja wa usafi akipiga kelele, "Usiingie! Fungeni maji kwanza!" Huyo mama ndiye aliyeokoa watu siku ile. Wale wawili walivutwa kwa kamba na ndoana, wakapona, ila mmoja wao hakurudi tena kazini.

Nilipouliza kwa nini mnara haukuikamata gesi, nikaambiwa pampu yake ilikuwa imezimwa tangu juma lililopita ili kupunguza gharama ya umeme. Katika daftari la zamu palikuwa pameandikwa kwamba inafanya kazi. Nilikuja kuelewa kwamba mnara usio na pampu ni bomba la moshi tu, na daftari lisilosomwa na wafanyakazi ni karatasi tu.

Pampu si hitilafu ya pekee. Vinyunyizio huziba kwa magamba ya chokaa, maji yakawa yanashuka upande mmoja na gesi ikapanda upande mwingine bila kukutana. Dawa huisha nguvu: maji ya chokaa yaliyokwisha kushiba salfa hayashiki zaidi, hata yakizunguka siku nzima. Ndiyo maana uchungu wa maji hupimwa kila zamu. Karatasi ndogo ya kupimia asidi inaweza kukuambia zaidi ya hotuba ya meneja.

TUNAYOTAKA YAANDIKWE

Uganda ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006, inayompa mwajiri jukumu la kulinda afya ya watu wake na inayotambua wawakilishi wa usalama wa wafanyakazi. Ina pia Sheria ya Mazingira ya mwaka 2019, inayotaka miradi mikubwa ichunguzwe madhara yake kabla ya kujengwa. Katika dunia, Mkataba wa ILO namba 176 wa mwaka 1995 unaohusu migodi unampa mchimbaji haki ya kuondoka mahali penye hatari kubwa. Lakini sheria hukaa kabatini mpaka mtu aitoe. Kwa hiyo napendekeza matawi yetu yakubaliane mapema juu ya haya, yawe tayari kuwekwa mezani siku mwajiri yeyote atakapokuja Kilembe au Kasese na mradi wenye moshi wa kuoshwa:

1. Tuelezwe kwa maandishi, na kwa lugha tunazozielewa, ni gesi gani itatoka, itaoshwa kwa maji gani, na maji hayo yatakwenda wapi.

2. Pampu ya mnara ikisimama, kazi inayotoa gesi isimame nayo. Pawepo pampu ya akiba, na umeme wake usitegemee waya mmoja.

3. Daftari la mnara liwe wazi kwa mwakilishi wa wafanyakazi kila zamu, naye atie sahihi baada ya kuangalia kwa macho yake.

4. Mifereji ya asidi na mifereji ya salfaidi isikutane hata siku moja, na ipakwe rangi tofauti ili hata mgeni wa leo asikosee.

5. Mtu yeyote asiingie ndani ya mnara, tangi au shimo kabla hewa haijapimwa kwa mita. Awe na kamba mwilini na mwenzake nje asiyeondoka. Pua si mita.

6. Barakoa zitolewe, na zenye chujio la gesi inayohusika, lakini zisihesabiwe kuwa badala ya mnara. Na kichujio hakileti oksijeni. Ndani ya tangi mtu anahitaji hewa ya kuletewa.

7. Bwawa la maji machafu lijengwe mbali na Nyamwamba, na matokeo ya kupima maji yake yabandikwe ubaoni kiwandani na sokoni.

Wako watakaosema kwamba tukidai hivi mwekezaji atakimbia. Nimelisikia neno hilo tangu nilipoanza kazi ya chama. Mimi sikusoma zaidi ya darasa la saba, lakini hesabu hii naiweza. Kuchora mnara na bwawa mahali panapofaa wakati msingi haujachimbwa ni gharama. Kuvijenga upya baada ya miaka arobaini ya malalamiko ni gharama kubwa zaidi, na sehemu yake kubwa hulipwa kwa vifua vya watu ambao hawamo katika vitabu vya kampuni.

Vijana wa Bwera, kazi tunaitaka. Tutaipigania ije, na tutapigania wenyeji waandikwe kwanza. Lakini siku mtakapoitwa kuandikwa, kabla ya kuuliza mshahara au baada ya kuuliza mshahara, ulizeni na swali la mzee. Tumeamua kuliweka namba moja katika orodha, na mkutano ujao Bwera utapiga kura juu ya orodha nzima. Njooni wengi, na mzee yule naye aje. Kiti chake cha mbele kitakuwapo.

Umoja ni nguvu.